Malalamiko Kuhusu Siku Sita Mlizoweka Kati Yangu na Mwanangu

Karungu,
Kaunti ya Migori.
Jumatatu, tarehe 4 Agosti.

Kwa Mkurugenzi,
Mradi wa Shamba kutoka Angani,
Homa Bay.

Nakala kwa Chifu wetu, ambaye ukuta wa ofisi yake ndiko mambo haya yalikobandikwa.

Ndugu Mkurugenzi,

KUH: SETILAITI YENU NA UTARATIBU WA KUPANDA NYUMBANI KWANGU

Nakuandikia kwa kalamu ya wino na kwa karatasi yenye mistari, kwa kuwa jambo lenyewe halifai kutumwa kwa simu, ambako mtu anaweza kulifuta kwa kidole gumba. Jina langu ni Mwalimu Paul Ogweno Radier. Nilifundisha Hesabu na Kiswahili kwa miaka thelathini na saba, na katika miaka hiyo yote mwanafunzi aliyeandika neno "takriban" katika jibu la hesabu alirudia hesabu hiyo mara kumi. Nakueleza haya ili usome barua yangu ukijua imeandikwa na mtu wa aina gani.

Mwezi wa Juni, mradi wenu ulibandika orodha kwenye ukuta wa ofisi ya Chifu. Orodha hiyo inaonyesha siku ambayo mahindi ya kila shamba yaliota, kama ilivyoonwa na setilaiti iliyo juu ya mawingu. Shamba namba 41 limeandikwa kwa jina langu, nalo linasemekana kuota tarehe 21 Machi. Shamba namba 42 limeandikwa kwa jina la Chrispine, mwanangu wa kwanza, nalo linasemekana kuota tarehe 17 Machi. Mbele ya kila tarehe mmeweka alama ya kujumlisha iliyopanda juu ya alama ya kutoa, na namba sita, na mahali hapo mmepaita "kiwango cha shaka".

Huenda wewe, Ndugu Mkurugenzi, ukaona hizo ni tarehe mbili tu. Kwetu ni mashtaka. Katika nyumba ya Mjaluo, mwenye boma hupanda kwanza, pamoja na mke wake wa kwanza, baada ya kutimiza mambo fulani ya nyumbani ambayo hayaandikwi kwenye barua ya ofisi. Kisha hupanda mwana wa kwanza, kisha wa pili, hadi wa mwisho. Mwana akimtangulia baba yake shambani, amemhesabu baba kuwa maiti. Kinachofuata huitwa chira, laana inayomkondesha mtu hadi kaburini, na chira haiulizi umesoma hadi darasa gani.

Ukweli ni kwamba mimi nilipanda Jumatatu tarehe 10 Machi. Chrispine alipanda Ijumaa tarehe 14. Najua alipanda Ijumaa kwa sababu nilikuwa nimesimama penye ua nikimsahihisha mistari yake, ambayo ilikuwa imepinda. Hata hivyo, wazee wa ukoo wamekaa mara mbili kuhusu ukuta wa Chifu. Wameamua kwamba hakuna atakayevuna hata gunzi moja katika mashamba haya mawili mpaka ijulikane ni nani aliyetangulia. Isipojulikana kufikia Jumamosi tarehe 16 mwezi huu, Chrispine atabomoa nyumba yake na kuhama bomani mwangu na mke wake Lynnet. Mahindi yamekauka yakiwa yamesimama. Tumbili wanayavuna bila kuuliza ni nani aliyepanda kwanza. Lynnet ameanza kufunga sufuria kwa majani makavu ya migomba, na kila ninapopita mlangoni kwake ananisalimia kwa adabu iliyozidi kipimo, jambo ambalo ni baya kuliko matusi.

Kwa sababu hizo, naorodhesha malalamiko yangu.

1. Setilaiti yenu haikupiga hodi.

Sina haja ya kurefusha hapa. Mtu mzima akija bomani hupitia langoni, akakohoa. Chombo chenu kimetazama shamba langu mara nyingi tangu Februari, wala hakikuwahi kukohoa.

2. Mmetangaza jambo ambalo ninyi wenyewe hamlijui.

Nilimwuliza afisa wenu wa nyanjani, Binti Moraa, maana ya hizo siku sita. Ni msichana mwenye heshima, na alinijibu akiwa amesimama ijapokuwa nilimpa kiti. Alisema, "Mzee, hiyo sita inamaanisha siku ya ukweli inaweza kuwa mbele kidogo ama nyuma kidogo. Tukipima mara mia, mara tisini na tano ukweli utakuwa hapo ndani." Nilimwuliza zile tano zilizobaki huenda wapi. Akasema, "Hizo huwa zimekosea tu." Nikamwuliza ni akina nani hao watano, maana naogopa mmoja wao ni mimi.

Ndugu Mkurugenzi, mwalimu hatundiki matokeo ya mtihani ukutani na kuandika kwamba mtoto alipata alama sitini, jumlisha au toa thelathini, kisha akaenda kunywa chai. Kama hamjui, nyamazeni. Kama mnajua, semeni tarehe moja na msimame nayo.

3. Kiwango cha shaka kimeambukiza kata nzima.

Kabla ya Juni hatukuwa na ugonjwa huu. Sasa Elvis, anayeendesha bodaboda hapa stendi, akiulizwa atafika saa ngapi hujibu, "Saa mbili, plasi mainasi." Jirani aliyeazima plau yangu ya ng'ombe amesema ataileta Jumatatu, jumlisha au toa mavuno. Mwimbishaji wa kwaya alianza wimbo juu mno, na alipoambiwa akasema sauti yake ina kiwango cha shaka. Hata mke wangu Benta, niliyeishi naye miaka arobaini na mmoja, nilipomwuliza kama chakula kiko tayari alinijibu, "Kiko tayari kwa asilimia tisini na tano, ile nyingine ni ukuni wa kupasua." Nilipasua ukuni.

Huyohuyo Elvis, nilipokuwa nikitoka kwa Chifu siku orodha ilipobandikwa, alipaza sauti mbele ya watu: "Mwalimu! Kijana amekuovateki kwa kona!" Watu walicheka. Niliwafundisha wanane kati ya hao waliocheka, na nawakumbuka kwa majina.

4. Watu wa kwetu wanasoma tarehe, hawasomi shaka.

Nakiri kwamba hapa fikra zangu zilianza kugeuka. Niliporudi kwa Binti Moraa mara ya pili alichukua karatasi akanionyesha jambo. Tofauti kati ya shamba langu na la Chrispine ni siku nne. Kila tarehe ina shaka ya siku sita. Kwa hiyo, alisema, shaka ya ile tofauti yenyewe ni siku nane na nusu, na kitu chenye siku nne hakiwezi kuonekana ndani ya ukungu wa siku nane na nusu. "Kwa hivyo, Mzee, hii ripoti haisemi kijana alikutangulia. Haisemi pia wewe ulimtangulia. Inasema sisi hatujui."

Nilimwuliza amepataje nane na nusu, kwa kuwa darasani kwangu sita na sita zimekuwa kumi na mbili tangu mwaka wa elfu moja mia tisa sabini na tisa. Alizidisha kila sita kwa yenyewe, akajumlisha, akatafuta kipeuo cha pili. Akaeleza kwamba si kawaida makosa mawili yasiyojuana kukosea upande mmoja kwa wakati mmoja. Mara nyingine moja hupunguza jingine. Nilirudia hesabu hiyo nyumbani mara tatu. Ni sahihi. Ilinichukiza kwamba ni sahihi, lakini nilianza kuipenda.

Niliichukua karatasi ile nikaipeleka kwa wazee. Niliieleza kwa saa moja na robo. Binamu yangu Nyakwamba, ambaye ndiye msemaji wao, alisikiliza akiwa amefumba macho, kisha akasema: "Paul, omera, ndugu yangu, nimesikia. Lakini nijibu neno moja. Mashine haina mjomba hapa Karungu. Haijaoa kwetu, haijala kwetu. Itadanganya ili imsaidie nani? Wewe ndiye baba, na baba husitiri mtoto." Wengine wakasema hakika. Kisha akaniuliza kama neno "hatujui" limeandikwa popote kwenye ukuta wa Chifu. Nilitazama. Halijaandikwa. Mmeandika sita.

Ninyi ndio mmeifanya shaka kuwa ndogo kiasi hicho, hata mtu akaweza kuiruka kwa macho kama anavyoruka dimbwi.

5. Siku sita ni chache mno, na nitathibitisha.

Kwa kuwa sasa nimeelewa kwamba shaka ndiyo itakayomwokoa mwanangu, nimechunguza kwa makini kama mmeipima ya kutosha. Hamkuipima.

Kwanza, mawingu. Chombo chenu hupita kila baada ya siku tano. Machi iliyopita mvua ilitoka ziwani kila alasiri, na Binti Moraa amekiri kwamba picha tatu mfululizo hazikuonyesha chochote ila weupe. Kwa hiyo mliona udongo mtupu mwanzoni mwa mwezi, mkaona majani mwishoni mwa mwezi, na katikati mkakisia. Katika Hesabu jambo hilo lina jina zuri. Katika Kiswahili huitwa kukisia.

Pili, vipande vya picha. Picha yenu imeundwa kwa vipande vya mraba, mita kumi kwa kumi, navyo huitwa pikseli. Kila pikseli ina rangi moja tu. Ua kati ya shamba langu na la Chrispine ni mstari mmoja wa katani, na mimi kitaaluma najua kwamba ua huo haukuiheshimu mipaka ya pikseli zenu. Kuna pikseli ambazo nusu yake ni mimi, robo ni Chrispine, na robo ni katani. Pikseli kama hiyo inaota tarehe gani? Ni baba au ni mwana? Nilimwuliza Binti Moraa. Alisema hizo huitwa pikseli mseto na huwa wanajaribu kuziacha nje. Wanajaribu.

Tatu, picha yenyewe haikai mahali pake. Nimeambiwa kwamba ikiwekwa juu ya ramani inaweza kusogea mita kadhaa upande wowote. Ndugu Mkurugenzi, mita kadhaa kwetu ni kesi ya ardhi. Watu wamekosa kuzikana kwa mita mbili.

Nne, na hili halikanushiki, ni suala la Bi. Roseline wa shamba namba 57, kando ya ziwa. Mwezi wa Mei alipokea ujumbe wenu wa simu ukimpongeza kwamba mahindi yake yanaendelea vizuri sana, mabichi kuliko ya kata nzima. Wakati huo viboko walikuwa wamekula shamba lake hadi kwenye mizizi, maji ya ziwa yamepanda hadi katikati ya matuta, na magugu maji yamesukumwa na upepo yakatanda juu yake. Mlipongeza magugu maji. Wiki mbili baadaye upepo uligeuka, magugu yakaenda upande wa pili wa ghuba, na mkamtumia ujumbe wa pole. Bi. Roseline alinionyesha jumbe zote mbili na kuniuliza, "Mwalimu, hawa watu wako wapi kwa kweli?"

Mkijumlisha mawingu, pikseli mseto, picha inayotembea na magugu maji, kwa njia ileile ya vipeuo ambayo afisa wenu alinifundisha, hamwezi kubaki na siku sita. Mimi nimepata siku thelathini na moja. Hesabu nimeiambatisha, kurasa nne.

6. Kanisa nalo limeyumba.

Sisi ni Wakristo, na mchungaji wetu alihubiri kwa ujasiri kwamba mila za kupanda hazina nguvu juu ya aliyeokoka. Nilifarijika. Baada ya ibada, Lynnet alileta sufuria ya maharagwe kutoka shambani kwao, yaliyopandwa pamoja na mahindi yaleyale. Mchungaji aliyatazama maharagwe, akauliza kama ni ya namba 42, kisha akasema kwamba siku hiyo amefunga. Tulimwona akinunua maandazi sokoni kabla jua halijafika utosini. Wazee wa kanisa nao wakafunga. Sijawahi kuona mfungo ulioenea kwa kasi namna hiyo. Lynnet alirudi na sufuria imejaa, akaibeba mwenyewe njia nzima bila kuiweka chini.

Kama mnahitaji kipimo cha madhara, Ndugu Mkurugenzi, kipimo ni uzito wa sufuria ile.

7. Chombo chenyewe hakifuati utaratibu wa umri.

Nimejifunza kwamba setilaiti yenu hutoka upande wa kaskazini ikielekea kusini. Kwa hiyo katika kila nyumba ambayo mwana amejenga kaskazini mwa baba yake, chombo humwona mwana kwanza. Hili haliwezi kuwa bahati mbaya; linatokea kila baada ya siku tano. Isitoshe, Binti Moraa amenieleza kwamba vyombo ni viwili, navyo hupokezana, na kimoja kilirushwa kabla ya kingine. Nilitaka kujua kama kile kidogo kimewahi kupiga picha ya kata yetu kabla ya kile kikubwa kupiga yake mwaka huu. Alisema hajui. Naomba aambiwe achunguze. Kama ndivyo, basi chira haikuanzia bomani mwangu. Imeanzia huko juu, na mimi ni mtu wa kurithi tu.

Kwa malalamiko hayo, natoa maombi yafuatayo, nikianza na lililo jepesi.

Kwanza, naomba kiwango cha shaka cha shamba namba 41 na 42 kipandishwe kutoka siku sita hadi siku thelathini na moja, na kiandikwe kwa wino mwekundu, kikubwa kuliko tarehe yenyewe. Tarehe inaweza kuandikwa kwa penseli.

Pili, kama hilo ni gumu, naomba kata nzima ipewe siku sitini, ili kisheria tuhesabiwe kuwa tulipanda sote siku moja, baba na wana na Bi. Roseline na viboko.

Tatu, naomba kuanzia msimu ujao chombo kipite kwanza juu ya mashamba ya wazee, kisha ya wana wa kwanza, kisha ya wengine kwa kufuatana. Ninajua kwamba hakiwezi kupunguza mwendo. Basi kizunguke dunia na kurudi. Nimeambiwa mzunguko mmoja ni chini ya saa mbili. Huo si muda mrefu wa kumngoja mzee.

Nne, naomba mawingu ya mwezi wa Machi yaandikwe katika ripoti kama mashahidi upande wetu.

Tano, naomba wewe binafsi, Ndugu Mkurugenzi, uje mbele ya wazee kabla ya tarehe 16, usimame palipo na watu, na utamke kwa kinywa chako neno moja: "Hatujui." Usilifafanue. Wazee wetu wamesikia mengi kutoka kwa watu wa ofisi, lakini hilo hawajawahi kulisikia, na naamini litawashtua kiasi cha kuwafanya waamini.

Sikuombi fidia. Sikuombi mbolea wala mbegu. Ninaomba tu mniongezee ujinga wenu kwa siku ishirini na tano, kwa kuwa hizo sita mlizonipa hazitoshi kumfunika mtu mzima mwenye mke. Mwanangu ameniambia, "Baba, wewe ulikuwa hapo kwa ua ukiniambia mstari wa tatu umeenda Kehancha. Ukisahau hata hiyo, mimi nitashika nani?" Sijasahau. Mstari wa tatu ulikuwa umeelekea Kehancha kweli, mji ulio upande wa pili wa kaunti. Lakini neno langu limewekwa kwenye mizani na namba yenu, na namba yenu haina mjomba.

Na mke wangu ametoa uamuzi wake tangu Alhamisi. Alisema, "Chrispine asiporudi kukaa kwa hii meza, wewe utakula hiyo setilaiti." Tangu siku hiyo nimekula viazi vitamu vya baridi. Nakuandikia haya bila kutia chumvi, kwa kuwa hata chumvi imefichwa.

Wasalimie maafisa wote wa ofisi yako, wakubwa kwa wadogo, kwa kufuata mpangilio huo. Msalimie Binti Moraa, ambaye hana kosa isipokuwa ukweli. Wasalimie wale wanaokaa kwenye mitambo kupokea picha. Na chombo kitakapopita juu yetu Ijumaa, kama kuna njia ya kukifikishia salamu, kiambieni kwamba tuko, tumesimama pale pale tulipokuwa, na hatujasogea hata mita moja.

Ni mimi, niliyepanda kwanza,

Mwl. Paul Ogweno Radier
(Mstaafu)

Baada ya sahihi. Ijumaa, tarehe 8 Agosti.

Barua hii ilikuwa imekwisha kutiwa kwenye bahasha, ikimngoja Elvis aipeleke Homa Bay, wakati Binti Moraa alipofika bomani juzi na kifaa chake cha kupimia mahali. Alisema hakulala vizuri kwa ajili yetu na anataka kulikagua shamba kwa miguu. Nyakwamba alikuwepo, na wazee wengine wawili waliokuja kuhesabu siku zilizobaki. Tuliongozana naye sote.

Kifaa kilipomwambia kwamba amesimama katikati ya shamba namba 41, yaani langu, alikuwa amesimama juu ya mstari uliopinda kuelekea Kehancha. Nilimwambia kifaa chake kimepotoka. Alivuka ua, akaenda hadi katikati ya namba 42, yaani la Chrispine, na hapo mistari ilikuwa imenyooka kama ya daftari. Ni yangu. Naijua.

Akatoa fomu ya usajili ya mwezi wa Februari. Siku ile alianza kupima na shamba la Chrispine kwa sababu liko karibu na lango, na akalipa namba 41. Kisha akapima langu, akalipa 42. Ilipofika kujaza majina, fomu haina mwandiko wake. Ina mwandiko wangu. Nilimnyang'anya kalamu, nakumbuka sasa, nikajiandika kwenye mstari wa juu, ule wa 41, na Chrispine chini yangu, kwa kuwa hakuna fomu ambayo mwana huandikwa kabla ya baba yake.

Kwa hiyo shamba lililoota tarehe 17 Machi ni langu, siku saba baada ya kupanda. Lililoota tarehe 21 ni la Chrispine, siku saba baada ya kupanda. Setilaiti yenu haikukosea hata siku moja. Aliyekosea kwa siku nne na ua mzima ni mimi.

Kisha Nyakwamba akamwuliza Binti Moraa, "Na huyu Mwalimu, yeye kiwango chake cha shaka ni ngapi?" Akajibu kwa heshima, "Huyo hatujawahi kumpima, Mzee." Nyakwamba alicheka hadi akashika katani, akachomwa, akaendelea kucheka.

Kutokana na hayo, nafuta malalamiko namba 1 hadi 7, pamoja na kurasa nne za hesabu. Badala yake naomba jambo moja tu: muiondoe kabisa ile jumlisha au toa sita kwenye mashamba yetu mawili, kwa kuwa imethibitika mbele ya mashahidi kwamba jicho lenu halina shaka yoyote. Binti Moraa amekataa. Anasema safari hii jibu limeangukia katikati tu, na sita inabaki sita. Nimemweleza kwa saa moja na robo. Tafadhali zungumza naye.

Tumevuna jana kwa ruhusa ya wazee, mimi asubuhi na Chrispine baada ya mchana. Benta alichemsha nyoyo, yaani mchanganyiko wa mahindi mapya na maharagwe ya Lynnet, nikaonja mimi kwanza, sote tukala. Chrispine alikula sahani tatu, jumlisha au toa moja. Mama yake alikuwa akimjazia kabla haijaisha, kwa hiyo hakuna aliye na hakika, na katika hilo sina malalamiko.